Kifuko cha maji jichoni: Daktari anaposema tungoje

Binti wa dada yangu alikuwa na umri wa miaka 23 alipokwenda kupimwa miwani. Hakuwa na maumivu, jicho halikuwa jekundu, wala hakuwahi kupata ajali ya uso. Shida yake ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba maandishi ya ubaoni chuoni yalikuwa yameanza kufifia, akawa anaazima daftari la mwenziwe ili anakili. Mpimaji alimketisha mbele ya ile hadubini yenye mwale mwembamba wa taa, akaangalia jicho la kulia, akahamia la kushoto, kisha akanyamaza. Akarudi la kulia, akarudi tena la kushoto. Binti anasema kwamba ukimya ule ulimtisha kuliko neno lolote aliloambiwa baadaye.

Aliondoka pale na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya miwani. Ya pili ilikuwa ya rufaa, imeandikwa kwamba ukingoni mwa duara la rangi la jicho la kushoto, upande wa kwenye sikio, pana mwinuko mdogo usiojulikana asili yake. Mwishoni mwa maneno hayo mpimaji aliweka alama ya kuuliza. Usiku ule nyumba nzima haikulala kwa sababu ya alama ile.

Naandika habari hii kwa idhini yake. Mimi si daktari. Ni mjomba aliyebeba mkoba na kushika foleni, na ambaye kwa muda wa miaka minne amelazimika kujifunza jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Nimeona kwamba familia nyingi zikikutwa na jambo kama hili hufanya moja kati ya makosa mawili tuliyokaribia kuyafanya sisi: ama hukimbilia kutaka kitu kitolewe leo leo, ama wakishaambiwa si saratani hawarudi tena hospitali.

Kituo cha kwanza tulichokwenda, ambacho sitakitaja, kilitupa jibu kwa dakika tano. Tuliambiwa huenda ni saratani na kwamba tujiandae, maana jicho huenda likaondolewa. Hapakufanyika kipimo kingine chochote. Tuliporudi nyumbani, mama yangu, yaani bibi yake binti, alikwisha kuandaa kibakuli cha asali na maji ya majani aliyoletewa na jirani, akitaka mjukuu atiwe matone asubuhi na jioni. Ilinibidi nipige goti na kumsihi. Jambo hili nalisema wazi kwa sababu lipo katika nyumba zetu nyingi: kitu kilicho ndani ya jicho hakifikiwi na tone la asali wala utomvu wa jani, ila kioo cha mbele cha jicho hufikiwa, nacho kikipata vidonda au vijidudu kwa dawa isiyo safi, huacha kovu jeupe ambalo halifutiki. Wapo watu waliopofuka kwa dawa hali maradhi waliyokuwa wakiyatibu yangepona yenyewe.

Wiki mbili baadaye tulitoka Tanga kwa basi la alfajiri, binti, bibi yake na mimi, kwenda kumwona daktari bingwa wa macho katika hospitali ya rufaa. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia mama yangu shikamoo, akamketisha karibu na dirisha, kisha akamchukua binti ndani. Uchunguzi ulichukua karibu saa mbili. Alipotoka, mama yangu hakumngoja aketi.

"Mwanangu, niambie kweli. Mjukuu wangu atapofuka?"

"Kwa haya niliyoyaona leo, hapana, bibi. Hiki ni kifuko cha maji. Si saratani. Lakini nataka nimwone tena baada ya miezi mitatu."

"Kama si kitu, mbona arudi?"

Daktari alicheka kidogo, akavuta karatasi na kuanza kuchora. Swali lile la bibi ndilo lililotuongoza tangu siku ile, nami naliona ndilo swali ambalo kila mwenye kifuko cha aina hii anapaswa kulipatia jawabu lililokamilika.

Tuanze na mahali penyewe. Ukimtazama mtu machoni utaona tundu jeusi katikati, nalo ni mboni; na kulizunguka tundu hilo kuna duara lenye rangi, ambalo kwetu sisi aghalabu ni la kahawia iliyokolea. Duara hilo wataalamu huliita airisi. Lugha yetu ya kila siku hailitenganishi sana na mboni, lakini katika habari hii inafaa tulitenganishe. Airisi ni kama pazia: hujikunja na kujikunjua ili mwanga uingie kwa kiasi. Mbele yake kuna konea, kile kioo angavu, na nyuma yake kuna lenzi. Pazia hilo lina nyama laini upande wa mbele, na nyuma limetandikwa tabaka mbili nyembamba za seli nyeusi zilizoshikana mgongo kwa mgongo.

Tabaka hizo mbili hapo mwanzo, mtoto angali tumboni mwa mama yake, hazikuwa zimeshikana. Jicho huanza kama kikombe kilichokunjwa, na kati ya kunjo mbili hubaki nafasi ambayo baadaye hujifunga. Ikiwa mahali fulani nafasi hiyo haikujifunga sawasawa, au ikaachia baadaye, maji hujikusanya humo na kifuko huzaliwa. Hicho ndicho kifuko cha kawaida cha airisi, ambacho madaktari hukiita sisti ya tabaka la nyuma. Hakiambukizi, hakiletwi na kusoma kwa taa hafifu wala kwa simu, na wala si kijicho cha mtu. Mara nyingi hukaa pembeni kabisa, pale airisi inapoungana na mwili unaotengeneza maji ya jicho, ndiyo maana hakionekani. Kinachoonekana ni pazia kusukumwa mbele kidogo, kama mtu aliyejificha nyuma yake. Hupatikana sana kwa vijana, na zaidi kwa wanawake, na karibu kila mara hugunduliwa kwa bahati, kama binti yetu alivyogunduliwa alipokwenda kutafuta miwani.

Mwaka 1984 daktari Jerry Shields na wenzake wa Philadelphia, nchini Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 62 waliokuwa na vifuko vya airisi ambavyo havikutokana na ajali wala upasuaji. Wengi walikuwa na vifuko vya tabaka la nyuma, na vingi kati ya hivyo vilikaa kimya miaka nenda miaka rudi bila kukua wala kudhuru. Vifuko vilivyotoka katika nyama ya mbele ya pazia vilikuwa vichache, lakini ndivyo vilivyosumbua. Mgawanyo huo, wa nyuma na wa mbele, ndio madaktari wanaoutumia hadi leo, na ndio unaoamua iwapo mgonjwa atangojewa au atatibiwa.

Shields huyo huyo na wenzake walikuwa wametangulia, mwaka 1983, kuchapisha habari za watu 200 waliopelekwa kwao kwa kushukiwa kuwa na saratani ya airisi, ile iitwayo melanoma. Baada ya uchunguzi, takriban robo tu ndio waliokuwa nayo kweli. Waliobaki walikuwa na mambo mengine yanayofanana nayo, na kubwa kati ya hayo lilikuwa ni vifuko vya maji. Kwa hiyo yule aliyetuambia tujiandae kuondoa jicho hakuwa wa kwanza kukosea. Ninachomlaumu si kushuku, bali kutamka kabla ya kupima. Melanoma ya airisi ni nadra sana kwa watu wenye macho meusi na ya kahawia, lakini nadra si sawa na haipo, ndiyo maana kipimo ni lazima.

Kipimo chenyewe kikoje? Daktari huanza na hadubini yenye mwale wa taa, ambayo asili yake ni kazi ya Allvar Gullstrand wa Sweden mwaka 1911. Kwa mwale ule huona kama uso wa pazia umebadilika, kama kuna mishipa ya damu minene inayoelekea kwenye uvimbe, kama mboni imevutwa upande. Kisha huweka juu ya jicho lililotiwa ganzi kioo kidogo chenye vioo vya kuakisi ndani yake, ili aone pembe ya ndani ambako airisi hukutana na konea. Mahali hapo ndipo maji ya jicho yanapotokea nje, nami nitaparudia. Akisharidhika na pembe hiyo hutia matone ya kupanua mboni, na pazia likijikunja, wakati mwingine kifuko hujitokeza nyuma yake kama mpira mdogo wa kahawia. Mgonjwa asije peke yake siku hiyo, maana baada ya matone hayo mwanga humuumiza na maandishi hayasomeki kwa saa kadhaa.

Hayo yote hayatoshi kujua kilichomo ndani ya uvimbe. Uvimbe wenye maji na uvimbe wenye nyama huweza kusukuma pazia kwa namna ile ile. Ndipo kinapohitajika kipimo kilichokata shauri katika habari yetu, nacho ni ultrasaundi ya masafa ya juu. Ultrasaundi ya kawaida ya jicho hutumia mawimbi ya sauti ya takriban megahezi 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Charles Pavlin na Stuart Foster na wenzao wa Toronto, Kanada, walileta mashine ya megahezi 50. Mawimbi yake hayaendi mbali, hufika milimita nne au tano tu ndani ya jicho, lakini katika milimita hizo huonyesha mambo madogo kuliko unene wa unywele. Binti alilala chali, jicho likatiwa ganzi, kikombe kidogo kisicho na kitako kikawekwa kati ya kope zake na kujazwa majimaji, kisha fundi akapitisha kipimo juu yake. Hakuhisi maumivu. Anasema alikuwa kama mtu anayetazama angani akiwa chini ya bahari.

Katika picha, kifuko cha maji ni duara jeusi tupu lenye ukuta mwembamba unaong'aa. Uvimbe wa nyama huwa na kijivu ndani. Hata mimi nisiyejua kitu niliuona ule weusi. Tena vilikuwa viwili: kimoja cha milimita 1.1 na cha pili, jirani yake, cha milimita 0.6. Walipopima jicho la kulia, ambalo halikuwa na mwinuko wowote, wakakuta kingine kidogo. Tulishtuka, lakini daktari akatutuliza kwa habari ambayo inafaa kila mtu aijue. Watafiti wa Japani walipowapima kwa mashine kama hiyo watu wazima wasio na ugonjwa wa macho, waliona vifuko vidogo katika sehemu ile ya nyuma ya airisi kwa zaidi ya nusu yao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999. Kwa maana hiyo huenda wewe unayesoma gazeti hili unacho, nawe hutakijua maisha yako yote.

Ipo pia mashine inayopiga picha kwa mwanga badala ya sauti, nayo imeenea zaidi mijini. Ni nzuri kwa konea na kwa pembe. Lakini mwanga huzuiwa na zile tabaka nyeusi za nyuma ya pazia, kwa hiyo kifuko kilichoko nyuma kwa mashine hiyo huonekana nusu au hakionekani kabisa. Ukiambiwa "tumepiga picha, hakuna kitu," ni haki yako kuuliza picha hiyo ilipigwa kwa mashine gani.

Sasa turudi kwa swali la bibi. Kama si kitu, mbona arudi?

Jawabu la kwanza alilolitoa daktari ni kwamba picha moja huonyesha umbo, wala haionyeshi mwendo. Kifuko kinachokaa vilevile kwa miaka kimekwisha kujieleza. Uvimbe unaokua nao hujieleza, nao hujieleza kwa kulinganishwa na ulivyokuwa. Asiye na picha ya mwanzo hana cha kulinganisha nacho. Ndiyo sababu ya miezi mitatu hadi sita ya mwanzo kuwa mifupi, kisha, mambo yakitulia, kurudi mara moja kwa mwaka.

Jawabu la pili linahusu yale maji ya jicho. Jicho hutengeneza maji nyuma ya pazia, maji hayo hupita katika tundu la mboni kuja mbele, na kutoka kwenye ile pembe ya ndani. Kifuko kimoja kidogo hakizuii kitu. Lakini wapo watu wenye vifuko vingi vilivyojipanga kuzunguka duara, vikausukuma mzizi wa pazia mpaka ukaziba njia ya kutokea maji. Presha ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, hupanda, na mshipa wa kuonea huanza kufa polepole. Wakati mwingine hupanda ghafla: jicho huwa jekundu na kuuma vibaya, mgonjwa hutapika, na taa huzungukwa na duara za rangi. Hiyo ni dharura ya saa hizo hizo, si ya kesho. Kwa hiyo kila anaporudi binti, hupimwa presha na pembe hutazamwa. Yake ilikuwa 14 jicho moja na 15 jingine.

Miezi mitatu ilipotimia tulirudi. Kifuko kikubwa kikasomeka milimita 1.2. Dada yangu, aliyekuwa akingoja kwenye simu, alilia. Daktari akaeleza kwamba tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita si ukuaji. Ni mkono wa fundi, ni upana wa mboni siku hiyo, ni mahali mkato wa picha ulipopita. Mpira ukiukata katikati utapata duara kubwa, ukiukata pembeni utapata dogo, na mpira ni ule ule. Baada ya miezi sita mingine kikasomeka 1.1. Mwaka uliofuata, 1.1 tena.

Mwaka wa tatu binti alikuwa amekwisha kuolewa na kuhamia mji mwingine kwa kazi ya mumewe. Akapimwa huko, na akapewa karatasi isemayo kifuko ni milimita 1.7, yaani kimekua kwa zaidi ya nusu, na kwamba pengine kitobolewe kwa sindano. Akanipigia simu. "Mjomba, wanasema kimekua." Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya karatasi ya rufaa. Nikamwambia asikubali sindano yoyote kabla hajapeleka picha za zamani. Alikuwa nazo zote, katika diski ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na daftari ambalo bibi yake alimshurutisha aandike kila tarehe na kila kipimo. Daktari wa kule, kwa insafu yake, alikaa naye wakaziangalia moja moja. Fundi alikuwa amepima vifuko viwili vilivyo jirani kama kimoja: 1.1 na 0.6. Ukuta mwembamba uliovitenganisha ulikuwapo pichani, ila kalamu ya kupimia ilivukishwa juu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini daktari wa kwanza alikataa katakata kutupa karatasi ya majibu peke yake bila picha. Karatasi hubeba tarakimu, na tarakimu ikikosewa haina wa kuisahihisha. Dai picha zako. Ni zako, umezilipia.

Si kila mtu hungojwa, hata hivyo, na wazazi wenye watoto wadogo wanisikilize hapa kwa makini zaidi. Vile vifuko vya nyama ya mbele, nilivyosema ni vichache lakini wasumbufu, hujitokeza hasa kwa watoto, wengine wakiwa wachanga. Hivyo huonekana kwa macho: mfano wa povu angavu lililokaa juu ya duara la rangi, wakati mwingine vimishipa vimepita juu yake. Vifuko hivi vina tabia ya kukua. Vikifika kwenye mboni huziba njia ya mwanga, vikigusa konea huiharibu ikawa na ukungu, na presha huweza kupanda. Zaidi ya hayo kuna hasara isiyoonekana. Katika miaka saba au minane ya mwanzo ubongo wa mtoto hujifunza kuona, na jicho lililozibwa katika muda huo ubongo huliacha. Ndilo jicho vivu. Kifuko kikija kuondolewa mtoto akiwa na miaka kumi na miwili, jicho linaweza kuwa safi kama kioo na bado lisione vizuri. Kwa hiyo kwa mtoto hakuna habari ya "tumwache akue kwanza". Daktari huenda akafyonza maji kwa sindano nyembamba, jambo ambalo peke yake mara nyingi halidumu kwa kuwa ukuta uliobaki hutoa maji tena. Au akaingiza ndani ya kifuko spiriti kali ya kuzikausha seli na kuitoa, au akatumia miale ya leza, au akakikata chote. Uamuzi ni wa bingwa, na aliyezoea macho ya watoto ni bora zaidi. Ipo pia saratani adimu ya utotoni inayoota kwenye mwili ulio nyuma ya airisi na kuambatana na vifuko, ndiyo maana kifuko cha mtoto hakipitishwi kwa kutazamwa na taa tu.

Na mzazi asichanganye jambo hili na weupe ndani ya tundu la mboni, kama ule unaong'aa katika picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga. Weupe huo ni habari nyingine, huenda ikawa saratani ya retina au mtoto wa jicho, na mtoto hupelekwa hospitali wiki hiyo hiyo.

Ajali nazo zina mlango wake. Mwiba, kipande cha waya, ncha ya penseli ya mwenzake darasani: kikitoboa konea, kinaweza kuingiza ndani seli za ngozi ya juu ya jicho. Jeraha linapona, watu wanasahau, na seli zile hujijengea kifuko polepole, miezi au hata miaka baadaye. Huweza kutokea pia baada ya upasuaji. Vifuko hivi si watulivu kama vile vya kuzaliwa navyo, na aliyewahi kutobolewa jicho inafaa amweleze daktari hata kama ilikuwa zamani sana. Halikadhalika zipo dawa za matone, hususan za kubana mboni zilizotumiwa zamani kwa presha ya jicho, ambazo zilileta vifuko ukingoni mwa mboni kwa baadhi ya watu. Daktari ataka kuziona chupa zako, nenda nazo.

Nimeulizwa na rafiki mmoja kuhusu mdudu. Ni kweli kwamba kiluwiluwi cha tegu wa nguruwe huweza, kwa nadra, kukaa jichoni kama kifuko. Rafiki yangu alidhani jambo hili halituhusu sisi tusiokula nyama hiyo. Sivyo. Mwenye kula nyama isiyoiva hupata tegu wa tumboni; viluwiluwi hupatwa na mtu aliyemeza mayai ya tegu yatokayo katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia maji, mboga mbichi au mikono isiyooshwa. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha habari za Wayahudi wa New York, wasiogusa nguruwe abadan, waliokutwa na viluwiluwi hivyo katika ubongo.

Limebaki moja, nalo ni la familia nzima. Ipo aina ya vifuko vinavyokaa ukingoni kabisa mwa mboni, macho yote mawili, vikiwa na mikunjo kama ua la kitambaa, na hupatikana kwa ndugu wa damu. Katika baadhi ya familia hizo imeonekana kwamba mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, aota, nao ni dhaifu, huvimba na huweza kuchanika ghafla kwa mtu ambaye hakuwa akiumwa. Mwaka 2007 watafiti walitambua kwamba kasoro katika jeni iitwayo ACTA2, inayohusika na misuli ya kuta za mishipa, ni mojawapo ya sababu. Mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Si kila mwenye kifuko cha ukingo wa mboni anayo. Lakini daktari akiviona katika macho mawili, na nyumbani kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, moyo na aota hupimwa kwa ultrasaundi, na ndugu zake pia. Huenda jicho likawa limeokoa maisha ya mtu asiyewahi kupelekwa hospitali.

Daktari wetu aliuliza swali hilo siku ya kwanza. Mama yangu alihesabu kwa vidole jamaa zake wote, waliokufa na walio hai, mpaka foleni ya nje ikaanza kunung'unika. Hapakuwa na hata mmoja. Vifuko vya binti, kwa vyovyote, viko pembeni.

Gharama sitaificha. Nauli, kipimo, siku ya kazi iliyopotea, tena kwa kitu kisichouma. Ipo miaka ambayo mumewe aliuliza kama kuna haja. Mashine ile ya megahezi 50 haipo katika kila hospitali, na kwa walio mbali njia ya kati ni kupimwa presha na kutazamwa pembe karibu na nyumbani, kisha kusafiri kwa ajili ya picha kwa vipindi atakavyovipanga bingwa. Penye idara kubwa za macho, kama KCMC kule Moshi, au Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, inafaa kuuliza kwa simu mashine gani ipo kabla ya kupanda basi. Kati ya miadi na miadi, mambo ya kumrudisha mtu bila kungoja tarehe ni haya: uoni uliopungua, maumivu, jicho kuwa jekundu pasina sababu, mboni iliyopinda, au doa lililobadili umbo. Picha ya simu, inayopigwa mchana karibu na dirisha kila baada ya miezi michache, haishindi kipimo, lakini humsaidia mtu kujua kama anachokiona leo ni kipya.

Mwezi uliopita binti alirudi kwa yule daktari wa kwanza, akiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Kifuko kikubwa 1.1, kidogo 0.6, presha 15 na 15, pembe iko wazi. Daktari aliyatazama pia macho ya mtoto, akayakuta hayana kitu. Bibi hakuweza kusafiri safari hii, miguu inamsumbua, lakini alidai asomewe daftari kwenye simu, mstari kwa mstari, pamoja na tarehe ya kurudi. Akasomewa. Ni baada ya mwaka mmoja.